Mtani wa Kufungua Simu

Ilaitia alimwona Bibi Torika akitoka duka la kampuni ya simu amenuna, akajua riziki imefika. Kila aliyetoka mle na uso wa namna ile alikuwa mteja wake. Kampuni iliuza simu nzuri, kisha ikazifunga: laini ya wengine marufuku, kumgawia jirani mtandao marufuku. Walichosahau kufunga ni tochi.

"Imekataa laini, mama?"

"Imekataa! Kijijini kwetu mnara ni wa kampuni nyingine. Jumamosi mjukuu wangu Waisake anacheza raga Hong Kong, mara yake ya kwanza, na kijiji kizima kinanitegemea mimi. Miezi miwili nimeuza magimbi kununua bati hili!"

Huruma ilimjaa Ilaitia, hasa upande wa mfuko. Alimkalisha kwenye kreti nje ya soko la Suva, akabonyeza namba za uongo eti anaifungua, akaizungushia simu karatasi ya foili. Yaani, kilichozungushiwa kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Simu ilikuwa imeshaingia kwenye mkono wa shati.

"Usifungue mpaka keshokutwa, mawimbi ya kampuni yasiinuse. Dola arobaini tu."

Torika akasita. "Nitajuaje kama si tapeli?"

"Kwani kwenu wapi?"

"Vunibaka."

"Vunibaka!" Ilaitia alipaza sauti hadi meza za samaki zikasikia. "Mimi mtu wa Nakorolala! Sisi watani! Nitamwibiaje mtani wangu?"

Uso wa bibi ulichanua. "Mtani! Ndiyo maana unanuka popo!"

Soko likaangua kicheko. Sote Fiji tunajua utani unavyokwenda: unatukana bila kununiwa, unachukua bila kukataliwa. Torika alichukua kofia ya Ilaitia. Akachukua mwavuli. Kisha akachomoa mfukoni simu ya Ilaitia mwenyewe, akaitia laini yake papo hapo, nayo ikaipokea bila ubishi.

"Bibi, hiyo jamani..."

"Unamkatalia mtani wako?" aliuliza muuza samaki, kisu kikiwa hewani. "Sema vizuri tusikie."

Akikataa, yeye si mtani. Na kama si mtani, polisi alikuwa pale pale anamalizia chapati yake ya roti. Ilaitia akacheka kama mtu anayeng'olewa jino.

"Sereana! Litia! Njooni, mtani wetu huyu hapa!" Torika aliita.

Wanawake wa Vunibaka waliacha mihogo yao wakaja mbio. Meza ya Ilaitia ikaenda, stuli yake ikaenda, ndala zake zikaenda. Torika alimkumbatia kwa mapenzi, na alipomwachia, ile simu ya kwanza haikuwemo tena kwenye mkono wa shati.

"Na mimi nina haki ya kuchukua kwenu," Ilaitia alisema, karibu kulia.

"Kabisa! Njoo kijijini, umtajie mzee wetu majina ya babu zako, kisha ondoka hata na nguruwe."

Basi lilipowashwa, Torika alitoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, watani wetu sisi ni watu wa visiwani. Hao wa Nakorolala wala sijapata kuwasikia. Ila ulijitangaza mwenyewe, ningekuaibishaje mbele za watu?"

Jumamosi Vunibaka nzima ilimwona Waisake kwenye simu ya Ilaitia akifunga mara mbili. Kabla ya chakula, mzee wa kijiji alisali sala ndefu kumwombea mtani wao wa mjini, aliyejitolea kila alichokuwa nacho.