Hazim, Usinunue Lenzi Hiyo

Dumyat,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa Mheshimiwa Hazim Raafat,
Mpiga Picha Mkuu wa Ukoo Wetu.

YAH: LENZI YA KUVUTA MBALI

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umeketi. Kama hujaketi, keti. Sisi huku hatujambo, isipokuwa ami yako Shawkat, ambaye siku hizi halali kwake. Sababu utaisoma hapo chini.

Jana asubuhi uliuliza kwenye kundi la simu la ukoo: "Jamani, ninunue lenzi kama ile niliyoazima, au nibaki na hii yangu ya zamani? Nataka picha za familia zitoke vizuri." Watu wakakujibu kwa vidole gumba na maua. Mimi sikujibu. Mambo mazito hayajibiwi kwa kidole gumba. Mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu baba yako, nilikubeba kabla shingo yako haijakaza, kwa hiyo nimechukua karatasi na kalamu nikueleze, kwa heshima na bila hasira yoyote, kwa nini usinunue. Hasira sina kabisa. Nimekunywa vikombe viwili vya karkade baridi ili nisiwe nayo.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba. Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, na bila namba siwezi kulalamika.

1. Kuhusu umbali.

Lenzi yako ya zamani ni fupi na ina adabu. Inakulazimisha uje tulipo. Ukija, tunakuona unakuja, nasi tunapata nafasi ya kuvuta matumbo, kufuta midomo, kuficha sigara na kusameheana. Unasema, "Shangazi, sogea kwa Inas," nami nasogea kwa Inas, hata kama siku hiyo sitaki kumwona. Ndivyo ukoo huu ulivyodumu. Na ukishapiga picha unakaa, unapewa sahani, unabebeshwa mtoto wa mtu.

Jumatatu ya Sham al-Nasim, sikukuu ya machipuko, hukuja tulipo. Tulitandika mikeka ufukweni Ras al-Barr, tukafungua fesikhi, tukamenya mayai ya rangi, na kila tukigeuka Hazim hayupo. "Hazim yuko wapi?" "Kule, nyuma ya muuza aiskrimu." Mita sitini! Umepiga goti mchangani, umeshika lile bomba jeusi alilokuazima rafiki yako Lutfi. Mzee mmoja wa mkeka wa jirani akaniinamia akaniuliza kwa upole kama tunafuatiliwa na polisi. Nikamwambia, "Hapana, yule ni mtoto wetu." Akasema, "Pole, dada."

2. Kuhusu yaliyoonekana.

Ijumaa baada ya sala mlikuja wote kwangu, watu kumi na saba kwenye sebule ya makochi mawili, nawe ukachomeka flashi kwenye televisheni. Nakiri kwa haki kwamba picha arobaini na mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Bahari, mayai, watoto, bahari tena.

Ikaja ya arobaini na tatu.

Unajua kwamba daktari alimkataza Shawkat chumvi tangu presha ilipompanda wakati wa baridi, na fesikhi ni samaki ambaye amelala kwenye chumvi zaidi kuliko Shawkat alivyolala kitandani. Aliapa mbele ya mkewe Ibtisam kwamba siku nzima alikula saladi na mayai tu. Kwenye picha yuko nyuma ya mwavuli, amefumba macho kwa raha, na kuna kitu kinaning'inia mdomoni.

Ibtisam akasema, "Shawkat, hicho nini?"

"Jani la saladi, mpenzi."

"Jani lina jicho?"

Kwa lenzi ya zamani, mwanangu, lingekuwa jani. Mimi mwenyewe ningeapa ni jani. Sasa Shawkat analala kwenye kochi langu, anakoroma kama msumeno wa karakana, na kila asubuhi ananiuliza kama Ibtisam amepiga simu.

Sijamaliza namba mbili. Inas na Nirmin, wake wa wadogo zangu, walipatana Ramadhani hii baada ya miaka mitatu ya kununiana kwa sababu ya pazia. Picha ya hamsini na mbili inawaonyesha wamekumbatiana ufukweni. Vizuri. Lakini bomba lako limeuvuta uso wa Nirmin juu ya bega la mwenzake, na Nirmin amekunja pua kama aliyekanyaga kitu. Ya hamsini na tatu, kwa kuwa ulizunguka upande wa pili, Mungu akusamehe, inaonyesha uso wa Inas. Inas ametoa ulimi.

"Jua lilikuwa kali," akasema Inas.

"Jua la ulimi?" akasema Nirmin.

Lile pazia likarudi upya, na pindo zake zote.

3. Kuhusu picha ya sitini na moja.

Sikuandikii kwa sababu ya picha hii. Naitaja tu ili orodha ikamilike.

Tangu niolewe, ukoo huu unakula majani yangu ya mzabibu. Mnayajua: membamba kama kidole cha bibi harusi, wali ndani haumwagiki, na yanatoka kwenye sufuria langu la shaba na si kwingine. Picha ya sitini na moja inaonyesha buti la gari la Shawkat likiwa wazi, mimi nimeinama nyuma yake, mkono mmoja nimeshika sufuria langu, mkono wa pili nimeshika trei ya karatasi ya fedha, nayo trei inamimina. Kwenye trei pana kibandiko. Kwa mita sitini, kibandiko!

Nirmin, ambaye mwaka wa tano sasa haoni tundu la sindano, alikisoma kutoka kochi la mbali, bila miwani, kwa sauti ya mtangazaji: "Jiko la Umm Shirin. Majani ya mzabibu. Kilo tatu."

Nikasema Umm Shirin aliniazima trei.

"Ikiwa imejaa?" akauliza Inas. Kwa mara ya kwanza siku ile yeye na Nirmin wakaangaliana kwa mapenzi.

Wewe nitakwambia kweli, kwa kuwa barua hii ni ya siri. Vidole vyangu vimegoma tangu baridi ya mwaka juzi. Asubuhi havikunjiki. Jani la mzabibu linataka vidole vya mpiga udi, nami nina vidole vya karani mstaafu. Sikumwambia mtu wa ukoo, maana ukishasema huwezi kupika, wanakuletea kiti, na ukishaletewa kiti, hawakuulizi tena jambo lolote. Lenzi fupi ilikuwa inajua kunyamaza. Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta kwenye kamera.

4. Kuhusu picha ya pamoja, ambayo niliomba mimi mwenyewe, na najuta.

Ili watu wasahau kibandiko, nilipiga makofi nikasema, "Haya, picha ya pamoja! Wote!" Tukajipanga. Nawe, badala ya kutoa lenzi yako ya nyumbani, ukashika lile bomba. Ukasema ile ya zamani umeiacha kwenu. Ukalifupisha hadi lilipokataa, bado ukawa unaona masharubu ya Shawkat na sikio la Ibtisam.

Ukarudi nyuma hadi ukutani. Ukatoka mlangoni. Ukavuka ukumbi wa ngazi. Tukasikia mgongo wako ukigonga mlango wa jirani yetu Bi Suhair, mlango ukafunguka, nawe ukaingia kinyumenyume kama mtu anayetoka mbele ya sultani.

"Nawaona watu tisa!" ukapiga kelele. "Tabasamuni hivyohivyo!"

Tukatabasamu.

"Kumi na wawili! Msitikisike!"

Hatukutikisika. Halafu tukasikia sauti ya Bi Suhair: "Huo mkono umechoka, mwanangu. Kaa kidogo." Halafu, mimi nimeishi duniani miaka sitini na nane na sauti hiyo naijua, tukasikia kijiko.

Bata wa kujazwa vitunguu, Hazim. Harufu ilivuka ukumbi ikatukuta tumesimama tunatabasamu. Dakika ishirini na tano! Shawkat akasema shavu lake limepata ganzi. Ibtisam, ambaye alikuwa hasemi naye, akamjibu, "Afadhali shavu." Kutuma mtu akuite hatukuweza, kwa sababu kila mmoja aliogopa picha ipigwe yeye akiwa hayupo.

Picha yenyewe nimeiona. Kuna mlango, kuna ukumbi, kuna mlango tena, na kwa mbali kuna ukoo mzima, wadogo kama punje za dengu. Mbele kuna paja la bata, safi kabisa, unahesabu vinyweleo. Na baada ya hapo kuna picha kumi na moja za Rim, binti wa Bi Suhair, mfamasia. Rim akimimina chai. Rim akicheka. Rim akiwa hajui. Rim akijua. Zote zimetoka vizuri.

Jana ulipouliza swali lako kwenye kundi, wa kwanza kukuwekea moyo mwekundu alikuwa Bi Suhair. Naomba kujua, kwa adabu zote, nani alimwingiza Bi Suhair kwenye kundi la ukoo.

5. Kuhusu siku zijazo.

Mimi nimeona kesi nyingi, na najua jambo linavyoanza dogo. Leo mita sitini. Mwakani utataka ndefu zaidi, utatupiga picha ukiwa ng'ambo ya Nile. Mwaka wa tatu utahudhuria Idi ukiwa Port Said, umepanda juu ya paa, unatupungia mkono tusiouona. Watoto watazaliwa waulize, "Ami Hazim ndiye yupi?" nasi tutawaonyesha upeo wa macho: "Kile kinachomeremeta." Watakuchora shuleni kama nyota. Na siku ya mazishi yangu wenzako watabeba jeneza, wewe utalivuta karibu kwa kioo, na watu watasema, "Maskini, alikuwa na mpwa, lakini alikuwa nje ya fokasi."

Kwa sababu hizo tano, naomba yafuatayo. Lile bomba lirudishwe kwa Lutfi kabla ya Jumatano. Ubaki na lenzi yako ya zamani. Najua pete yake inakwama na unaizungusha kwa kitambaa. Ivumilie, hata sisi tunakwama na mnatuvumilia. Picha za 43, 52, 53 na 61 zifutwe, na ya 43 itangulie, ili nipate kochi langu. Ile ya bata hifadhi, ni kielelezo.

Nisalimie mama yako, umwambie siku zile za mvua nilimwota. Nisalimie dada zako na waume zao, hata yule wa Mansura. Msalimie Lutfi, ingawa yeye ndiye chanzo. Na Rim ukimwona, maana najua utamwona, mwambie dawa ya vidole aliyonipa ya kupaka inanuka kafuri lakini nashukuru.

Ni mimi shangazi yako, mpenda haki na mkweli wa kadiri,

Hajati Tahani,
Karani Mstaafu.

Nyongeza:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nikaifungua tena kwa mvuke wa birika.

Mume wangu Fikri aliniita sebuleni. Unamjua Fikri: tangu aache kuchonga viti anatumia maneno kama mtu aliyegawiwa kwa kibaba. Alikuwa ameketi mbele ya televisheni, anaangalia zile picha za mwisho ambazo Ijumaa hakuna aliyezifikia kwa ajili ya makelele. Amefika ya themanini na nane.

Kuna mwanamke amesimama majini hadi vifundoni, viatu mkononi. Wimbi limempiga wakati hajajiandaa. Mtandio umekwenda upande, kichwa kimelala nyuma, na anacheka mdomo wote, hadi jino la dhahabu la nyuma linaonekana. Hana habari na mtu yeyote.

Nikamuuliza Fikri, "Huyu nani?" Wallahi sikumjua.

Akasema, "Mke wangu."

"Muongo wewe. Mimi nacheka hivyo lini?"

"Kila siku. Ila kamera ikisogea, unaacha."

Kwa Fikri hiyo ni hotuba. Nikakaa. Nikaangalia picha zetu za ukutani, arusi kumi na mbili na Idi zisizo na hesabu, zote zimepigwa kwa karibu, na katika kila moja nimefumba mdomo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikarudi kwenye televisheni. Tukaiangalia ile moja, sisi wawili, mpaka chai ikapoa.

Nunua, mwanangu. Nunua kesho asubuhi, duka likifunguliwa likukute umesimama mlangoni. Barua hii yote hapo juu isome kama imeandikwa na mtu mwingine, mtu mzuri lakini ambaye hakuwa na taarifa kamili. Ukoo ukikuuliza shangazi amesemaje, waambie hukumu imeshatoka.

Sasa hivi ninavyoandika, Fikri amepanda juu ya kiti, penseli sikioni, anapima ukuta wa sebule kwa fremu ya mbao ya mwalnati atakayoichonga mwenyewe. Ameniuliza upana gani. Nilimwambia nusu mita yatosha, kwa sababu mimi ni mtu wa kiasi. Amechora mstari. Nimekwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni nione panavyotazamika kutoka huko.

Nimemwambia aongeze.