Vita vya Tiketi Tano za Ulaya

Jongeeni, enyi mliowahi kukata tiketi na enyi mliowahi kukatwa nayo. Simu zitieni kimya, masikio yaacheni wazi, niwasimulie habari za Mtunza Stoo, simba jike wa makabati, ngao ya glavu na dripu za hospitali, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita hajasaini mzigo kabla ya kufungua boksi na kuona kilichomo. Niwasimulie jinsi alivyoivamia Ulaya akiwa ameketi jikoni, viatu vya kazini bado miguuni, kompyuta imebanwa kati ya sufuria na bakuli la vitunguu.

Chanzo cha vita kilikuwa goti, goti bovu la kulia la mama mkwe wake. Binti kitinda mimba wa mkongwe huyo aliolewa huko ng'ambo, akazaa, na yule mjukuu bibi hajapata kumpakata ila kwenye kioo cha simu. Mchana ule, kutoka kochini, mkongwe alikuwa ametoa tamko.

"Mkinipandisha basi baada ya basi, nendeni salama. Mimi nitamwona kwenye picha. Nimeshazoea."

Alisema bila kununa, na ndiyo maana ilichoma.

Ndipo akaingia mumewe, Mwalimu wa Hesabu, bingwa wa bei chee, mwindaji wa punguzo asiyejua usingizi.

"Mke wangu, weka kisu chini unisikilize," akanena, kama mfalme juu ya ukuta wa mji uliotekwa. "Siku tatu nimepekua mitandao. Leo nimepata ndege ya Jumamosi kwa nusu ya bei. Nusu. Wajukuu zetu watasimuliwa."

"Inatua wapi?"

"Karibu na mji wa mdogo wangu."

"Karibu kiasi gani, baba watoto?"

Mwalimu akaiendea ramani ya watoto ukutani, akaubandika mkono wake mtukufu. "Unaona? Kidole kimoja tu."

Ewe kidole, uliyefunika milima miwili, ziwa na mpaka wa nchi! Mtunza Stoo, shujaa wetu, akakitazama, kisha akamtazama mwenye nacho. Jemadari hapotezi mshale kwa kunguru. Akaivuta kompyuta, akalifungua boksi la tiketi ile.

Lo, yaliyokuwa ndani. Mabegi hayamo kwenye bei. Ndege inatua basi la mwisho likiwa limeshaondoka, kwa hiyo pana hoteli. Kukipambazuka basi, kisha basi jingine, kisha la tatu linalopanda mlima likizunguka kama mtu aliyesahau alichokifuata. Akaandika yote nyuma ya bahasha, akajumlisha, akaisogeza bahasha mezani polepole.

"Mwalimu, nusu yako imeshakuwa nzima, na bado ina njaa."

"Swali lilikuwa bei ya ndege," akajitetea. "Nimejibu swali."

"Na mama atajibu nini kwa goti lake?"

Hapo Shujaa akapiga pigo la pili. Akaihamisha safari kutoka Jumamosi hadi Jumatano inayoifuata, siku ambayo wenye haraka wameshapaa, na tazama, ikajitokeza ndege kubwa, mabegi yamo, inatua adhuhuri kwenye uwanja uliojengwa juu ya stesheni ya treni. Lifti moja, kiti kimoja, mwendo wa saa tatu, mpaka mlangoni pa mji wa binti.

"Jumatano?" Mwalimu akaguna kama aliyechomwa mkuki. "Shule inafungwa Ijumaa. Siku nne za likizo ziliwe hapa, nikitazama kuta?"

"Utazipaka rangi. Ni siku kumi pamoja na mama, au kumi na nne bila yeye. Chagua, lakini uchague huku unamtazama."

Akatazama. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikazia macho runinga ambayo alikuwa ameizima sauti muda mrefu.

Viti vilivyobaki: sita. Shujaa akabonyeza. Benki ikatuma namba ya siri, nayo, kwa hila za majaliwa, ikatua kwenye simu ya Mwalimu, pamoja na onyo kwamba itakufa baada ya dakika mbili.

Dakika ya kwanza Mwalimu akaimaliza ameikumbatia simu kifuani.

"Nisomee," akasema mkewe, safari hii kwa upole.

Mwalimu akavaa miwani, akazisoma tarakimu sita moja baada ya nyingine, kama mfalme anayekabidhi funguo za mji. Tiketi tano zikatoka: ya bibi, za wenyewe wawili na za watoto wao wawili.

Kutoka kochini ikasikika sauti. "Hiyo treni ina choo?"

"Kila behewa, mama. Nimeangalia."

Basi waandishi wa tarehe na wanoe kalamu, waandike kwamba Ulaya ilitekwa Jumanne moja saa kumi na mbili na robo jioni, bila tone la damu, na kwamba kabla vumbi la vita halijatulia, bibi mmoja alikuwa ameshainuka mwenyewe, amelishika kabati, anatafuta soksi nzito.