Malalamiko Kuhusu Gesi Iliyomiminwa Bomani Kwangu

Basotu, Hanang.

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: KUOMBA BINTI YANGU ZITA ATOLEWE KWENYE SOMO LA KEMIA

Natumaini wewe na walimu wako hamjambo. Sisi wazima, na ng'ombe pia. Mimi ni mfugaji, baba wa Zita wa kidato cha pili. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Likizo iliyopita bwana mifugo, Hermani, alikuja bomani kwangu kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume bora la maziwa. Mbegu hizo hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya kutisha. Majirani walileta ng'ombe wao, na kaka yangu Alfredi, mkubwa wetu, alikaa mbele. Hermani alipotaja naitrojeni, Zita akasimama, akawaamkia wazee, akasema, "Baba mkubwa, hiyo ni gesi. Ndiyo hii tunayovuta sasa hivi, ila imepozwa sana."

Kaka akajibu, "Gesi haimiminwi."

Zita akamwomba Hermani amimine kidogo. Ikachemka juu ya majani, ikatoa moshi mweupe, ikaisha. Kaka akangoja, akapapasa pale: pakavu. "Gidion," akaniambia, "umeuziwa hewa." Akaswaga ng'ombe wake, na wote wakamfuata. Nikabaki na Hermani, ng'ombe wangu mmoja mwekundu aliyepandishwa, na mtaalamu wa gesi.

2. Mama yangu, Bibi Marieta, aliugua homa. Nesi akamwekea kipimajoto cha kioo. Zita akamweleza kuwa ndani mna zebaki, na zebaki ni metali kama chuma, ila ni ya maji. Mama akakichomoa. Anasema chuma huyeyuka kwa mhunzi, si kwapani mwa mjane. Amepona bila kupimwa.

3. Zita anasema katika elementi zote, kwa hali ya kawaida, ni mbili tu zilizo maji: zebaki na bromini. Nyingi ni ngumu, chache ni gesi. Nani aligawa? Hata kamati yetu ya maji haina upendeleo wa namna hii.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Eti maji ya ziwa letu ni gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, zilizoshikana. Tangu aliponiambia hivyo nasimama ufukweni nikiwaza: zikigombana zikaachana, ng'ombe watakunywa upepo?

Kwa hiyo naomba Zita ahamishiwe somo lenye vitu vilivyotulia, kwa mfano historia. Na kila elementi ichague hali moja, ikajiandikishe kwa mtendaji wa kata.

Wasalimie walimu wote, wapishi na mlinzi wa geti. Hata mwalimu wa kemia, sina ugomvi naye. Mama Zita anawasalimu.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
Gidion Gidamis

N.B. Nilikuwa nimeshasaini Hermani alipopita kumpima yule mwekundu. Ana mimba! Kaka Alfredi amekuja mbio. Anauliza mtungi unarudi lini, na kama Zita atapewa ruhusa aje awaeleze wazee, maana Hermani haeleweki. Tafadhali msimtoe. Siku ile aliposimama mbele ya wazee sikumwambia neno lolote. Mwambieni kuwa baba yake alimsikia vizuri sana.