Gogo la Madi kwenye Mteremko wa Ankify

Jumatatu, 11 Januari 1954

Niwie radhi, shajara yangu, kwa kukutupa tangu nilipohama Mangarivotra. Nilikuwa nikimchunguza dereva wangu, Madi. Meneja wa shamba atachagua lori moja la kupeleka kakao bandarini Ankify: langu au la Zoubeiri. Mvua haikatiki, na Madi huchelewa kila safari. Eti mteremko unateleza! Mbona Zoubeiri hupita huko huko?

Jumanne, 12 Januari

Nimegundua kwamba Madi hubeba gogo nyuma ya lori. Amenieleza kwamba hulitumia kuzuia gurudumu akisimama mlimani. Breki ni za nini, basi? Bila shaka hulikalia akipiga soga na Sittou, muuza mihogo wa kule juu. Nimelichukua bila kumwambia. Mke wangu, Moinaecha, ameweka mtungi juu yake. Linafaa sana.

Jumatano, 13 Januari

Nilijificha chini ya turubai, katikati ya magunia, nimfumanie. Kilimani akasimama. Nilijua! Akawataka abiria wote washuke, wasome Fatiha, wateremke kwa miguu. Hakuna aliyenung'unika, ndiyo desturi yao mvua ikinyesha. Mimi nikabana pumzi. Madi naye akashuka, akaagiza gogo liwekwe mbele ya gurudumu. Wakatafuta. Wakatafuta tena.

Lori halikuwasubiri.

Kona ya kwanza tuliipita, mimi na kakao. Ya pili hatukuipita. Nilipotoa kichwa, nilikuwa katikati ya shamba la mpunga, tope hadi kifuani. Madi akaja mbio, akashika kiuno: "Loo, Bakoko, mzee wangu! Tangu lini unasafirishwa kama kakao?"

Ijumaa, 15 Januari

Ng'ombe wamelitoa lori. Breki zimekufa. Moinaecha anasema nilirudishe gogo. Nimemwambia asichanganye mambo: Madi alijua kwamba nimo, akaliachia lori kusudi. Ushahidi: alicheka.

Baada ya sala nimelipitia lori la Zoubeiri. Lina magogo mawili! Mtu mwenye breki nzima ayataka ya nini? Anamficha meneja jambo. Nimeyaondoa bila kuonekana. Sasa mitungi yetu yote ina mahali pa kukaa.

Jioni Zoubeiri amekuja kunipa pole. Jumatatu anamteremsha meneja Ankify kwa lori lake, mvua inyeshe isinyeshe, na amenialika niketi mbele pamoja nao. Ukarimu huu una kitu ndani yake. Nimekubali, nipate kumchunguza kwa karibu.

Meneja ataamua tukifika bandarini. Akishaamua, nitaandika.