Meza ya Mpiga Kengele

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amesafiri kikazi na kutuachia kompyuta yake. Kasema niiweke mahali pakavu, na nikipenda nicheze gemu lililomo. Nimemwambia mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye mke, sina muda wa vitu vya watoto. Kasema sawa, shemeji.

Nimeipeleka dukani kwa sababu ya unyevu wa nyumbani. Nikaifungua kidogo tu, kuona kama ni nzima.

Gemu lenyewe halieleweki. Hakuna bunduki, hakuna magari. Shemeji kasema limetengenezwa na watu wawili tu, msichana na kaka yake, chumbani kwao. Wewe ni mpiga kengele aliyefukuzwa kazi. Umefika mji mgeni na unatakiwa uwaandalie wakazi wake chakula, wakae meza moja. Hawapatani hata kidogo. Kila unayekutana naye anakuuliza jambo, majibu yanatokea chini, unachagua. Basi.

Njiani akanivamia Mbu mkubwa kama ndama. Nikaletewa njia mbili: nimpige, au nimuulize habari za mama yake. Nikamuuliza. Akalia. Tukaagana vizuri.

Nilipoinua kichwa watu walikuwa wanafunga maduka. Kitambaa cha magauni ya harusi kiko pale pale kilipokuwa asubuhi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya mipango.

Kwenye gemu nimepata watu watatu muhimu. Mbuzi, mwalimu mstaafu, hataki kukaa karibu na Birika. Birika anajisifu na anataka kiti cha mbele. Mlango ana haya, hafunguki mbele ya wageni. Nikamwambia Mbuzi kwamba Birika hatakuja. Nikamwambia Birika kwamba yeye ndiye mgeni rasmi. Nikamwambia Mlango kwamba tutakuwa wachache. Wote wamekubali! Sijui kwa nini watu wanasema gemu ni gumu.

Dukani nako kulikuwa na joto. Kaja mama mdogo wa mke wangu. Binti yake anaolewa Jumamosi na magauni ya wasichana watakaomsindikiza tunashona sisi. Kataka kuyaona. Nikamwambia tunasubiri zipu. Alipoondoka, Sentimita akaniuliza mbona kitambaa hakijakatwa. Huyu ndiye mwenzangu dukani, tunachangia meza ya kukatia na pasi. Jina alipewa kwa sababu hupima kila kitu, hata mkate kabla ya kuununua. Nikamwambia mama mdogo bado hajaamua mikono iwe mirefu au mifupi. Nyumbani mke wangu akauliza mbona nimechelewa. Nikasema Sentimita ameharibu cherehani.

Watu watatu, maneno matatu, kila mmoja kaenda zake ameridhika. Ningekuwa balozi mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mdogo kaleta zipu. Kanunua mwenyewe, mfuko mzima, rangi ile ile hasa. Kasema kaona tunahangaika bure. Nikashukuru sana. Nikamwambia hizi ni za sketi, si za gauni. Kaziacha mezani, kaondoka.

Mke wangu kakutana na Sentimita kwenye mboga. Kampa pole kwa kuharibu cherehani. Kamwambia asijilaumu, kila binadamu hukosea. Sentimita hajawahi kuharibu cherehani. Cherehani yake huifunika shuka kama mtoto mchanga. Kamjibu mke wangu ahsante, akarudi dukani na vitunguu vyake, akakaa. Alipima meza. Meza ile ile anayoipima kila siku.

Ilikuwa siku ya chakula huko kwenye gemu. Nimepanga viti vizuri. Nimewasha taa. Nikangoja. Kumbe wale wanazungumza! Birika alikuwa amemtembelea Mlango, Mlango akamsimulia Mbuzi. Maneno yangu yote yalizunguka mji mzima na kunirudia. Hakuja mtu. Aliyekuja ni Mbu, na shada la maua, akauliza wengine wako wapi.

Nilikaa nikamtazama yule Mbu mpaka chai yangu ikapoa. Sijui kilinipata nini. Ni picha tu, amechorwa vibaya, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Lakini ndani ya gemu hili mtu anakuuliza, kisha ananyamaza anakusubiri. Hata ukienda kuchemsha maji ukarudi, bado anasubiri kusikia unafikiri nini. Mimi hapa dukani huulizwa kitu kimoja tu: lini?

Kesho naanza upya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kuumwa mgongo. Mgonjwa haulizwi magauni. Nimewatumia wote ujumbe mapema. Mpango safi.

Kasoro moja. Mgonjwa haendi dukani, na kompyuta iko dukani.

Nimelala siku nzima naangalia dari. Mke wangu kanisugua dawa inayowaka kama pilipili. Jioni kaja mama mdogo kunijulia hali, kabeba machungwa. Hakutaja magauni. Kakaa pembeni ya kitanda, kamenya chungwa moja, akanipa, akawa anaangalia dirishani. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Nilitoka asubuhi kabla mke wangu hajaamka, kwa miguu yangu, mgongo mzima. Lengo lilikuwa kukata kitambaa. Nilifungua kompyuta kwanza, dakika mbili tu, nimalizane na Mlango.

Mlango akaniuliza kwa nini anifungulie. Nimejaribu kila jibu. Nimemsifu rangi. Nimemtisha. Nimemwambia nyumba inaungua. Akajifunga zaidi.

Mlango wa kweli ukafunguka nyuma yangu. Mke wangu, mama mdogo, na Sentimita. Pamoja. Kumbe na hawa wanazungumza.

Mama mdogo hakupaza sauti. Alisema:

“Baba, magauni yako wapi?”

Kwenye gemu hapo hutokea majibu ya kuchagua. Nilingoja. Hayakutokea. Nikasema ukweli kwa kukosa kitu kingine: sijakata hata moja, nilikuwa nacheza.

Nilitegemea mvua ya matusi. Mke wangu alivua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akauliza:

“Hivi mimi ni mtu wa kudanganywa, au ni mtu wa kuambiwa?”

Sentimita alikuwa ameshatandika kitambaa mezani. Kachukua mkasi. Akasema bila kuniangalia kwamba ningemwambia tu nataka kucheza, yeye angekata. Hapo ndipo mgongo uliniuma kweli.

Tukashona. Sentimita anakata, mimi naunga, mke wangu anatia zipu za mama mdogo, ambazo ni za gauni. Mama mdogo alipiga pasi mpaka miguu ikamchoka, akakaa kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta. Akauliza huyu mlango anataka nini. Nikamwambia amwache, hafunguki. Akavaa miwani. Akasoma majibu yote polepole, hata yale niliyoyaruka kwa sababu ni mafupi. Akachagua moja: “Hata mimi naogopa watu.”

Mlango akafunguka.

Mama mdogo akavua miwani. Kisha akasema, kama anamwambia Mlango, kwamba kesho atasimama mbele ya watu wote wale, atacheka, atapiga picha, halafu atarudi kwenye nyumba yenye chumba kitupu. Mama wa watu, wiki nzima alikuwa anakuja kuulizia zipu, na hakuna aliyemuuliza yeye kitu. Mke wangu akaenda kumshika mabega. Sentimita alijifanya anatafuta pini.

Gauni la mwisho limekwisha kabla ya giza. Mke wangu alikuwa kabeba machungwa yangu ya ugonjwa, tumeyala wote, meza moja.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi imefana. Magauni yamependeza. Moja limefungwa zipu upande usio wake, wageni hawakuona. Sentimita aliona kutoka mlangoni kabisa, akaninong'oneza.

Mama mdogo alilia kidogo, akacheka zaidi. Alinivuta pembeni. Nilidhani ananiusia. Kumbe anauliza: Birika naye tunamwambia nini?

Jumapili, 9 Machi

Nimetulia, nimetafakari wiki nzima kwa unyenyekevu. Nimegundua kosa langu. Si kwamba niliwadanganya. Ni kwamba kila mmoja nilimpa uongo wake. Ningewapa wote uongo mmoja, wangekutana, wangeulizana, na maneno yangelingana. Ni rahisi hivyo, na hakuna aliyeniambia.

Lazima nijaribu hili kwa Mbuzi leo leo, kabla shemeji hajarudi. Duka limefungwa lakini ufunguo ninao. Nikavaa viatu chumbani. Mke wangu akaita kutoka jikoni, naenda wapi siku ya mapumziko? Nikajibu kwa sauti, nyumba nzima isikie neno moja: naenda kumjulia hali Sentimita, maskini, jana alirudi na homa kali.

Sebuleni mtu akakohoa. Nikachungulia.

Sentimita amekaa kwenye kochi letu, kikombe cha chai mkononi, anapima mto kwa futi yake.