Sifa za Awiti kwenye Hesabu za Robo

Jumanne, 10 Juni

Awiti wangu yuko kwenye majaribio ya kazi. Anatunga maswali ya hesabu ya kozi ya mtandaoni, watoto wa Gredi ya Saba wanajibu kwa simu. Ijumaa mkubwa wake, Bwana Muturi, atapitia somo lake na kusema kama anaajiriwa au anarudi kutafuta. Binti yangu mwenye digrii! Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo hiyo digrii tumegawana.

Shida ni kwamba kazi yenyewe haionekani. Anakaa kwenye kochi, kompyuta mapajani, na Mama Kweyu wa mlango wa pili ameanza kuniuliza kama msichana anaumwa. Kweyu wake ameajiriwa kiwandani Industrial Area. Ovaroli lake lina jina la kampuni mgongoni. Jioni akirudi anatembea polepole ili tumalize kusoma.

Lazima jina la Awiti litokee mahali.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda shule leo, hapa hapa nyumbani. Awiti hunijaribishia maswali yake. Anasema nikielewa mimi, mtoto yeyote ataelewa. Niliichukua kama sifa.

Swali la leo lilitokea limelundikana, namba juu ya maneno, kama samaki wa omena kwenye gunia. Nikamwambia. Akanionyesha dawa yake, inaitwa tagi. Unaandika herufi ndani ya vidomo viwili vinavyoelekeana, moja inafungua, nyingine yenye mkwaju, kile kistari kilichoinama, inafunga, na kilichoko katikati kinatii. Hii inanenepesha neno. Hii inashusha mstari. Hii ya h1 inalifanya kubwa kama kichwa cha gazeti. Mwanafunzi haoni tagi, anaona kazi iliyofanya.

Nikauliza jina la mwalimu linatokea wapi. Akasema halitokei, muhimu ni watoto waelewe. Ndivyo nilivyomlea, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Akaenda kuoga. Kompyuta ikabaki wazi.

Sasa, kwetu Ugenya mtu akifurahi kwenye sherehe anasimamisha muziki apige pakruok. Anajisifu, anasifu na watu wake, ndipo ngoma inaendelea. Nikaona mtoto akipata swali la kwanza, hapo ndipo pa kusimamisha muziki. Nikaweka h1. Nikaandika: Aliyetunga ni Awiti, binti wa nyar Ugenya ambaye chapati zake zinajulikana hadi Makongeni. Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, ni mimi. Nikahifadhi. Maji ya bafuni yakanyamaza, nami nikakimbilia sufuria.

Alhamisi, 12 Juni

Nilienda kwa Mama Kweyu kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Lakini nilijua kitinda mimba wake, Perez, ameambiwa na mwalimu afanye somo la Awiti jioni hii.

Perez akajibu swali la kwanza. Kioo cha simu kikajaa "Aliyetu", kila herufi kubwa kama ubao wa buchari ya nyama. Mama Kweyu akauliza aliyetu nini. Nikamwambia Perez ashushe. Akashusha, akashusha. Chapati zangu zikapita vipande vipande. Swali la pili likafika nalo limevimba hivyo hivyo. La tatu pia. Robo tatu ilipokuja, tatu ilionekana, nne ilikuwa imesukumwa nje ya kioo. Perez akaandika tatu. Kosa. Akarudia. Kosa. Mtoto anayeongoza darasa zima kwa hesabu akaanza kulia.

Mama Kweyu akasema polepole kwamba kama hii ndiyo kazi ya kwenye kochi, afadhali msichana angekuwa anaumwa.

Nikatoka bila chumvi.

Nilitaka kumwambia Awiti. Nikamkuta amenipikia chai ya tangawizi kali ninavyoipenda, anaimba. Kesho ni siku yake. Nikanywa chai.

Ijumaa, 13 Juni

Bwana Muturi alipiga simu mapema. Walimu wamelalamika, watoto wote wameanguka hesabu za robo, kuna nini? Nilikuwa nakanda unga. Nikaona uso wa Awiti ukipoteza rangi.

Akafungua somo. Akasoma habari za chapati. Akasoma tena. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliniuliza tu kama najua kwa nini kila kitu kilivimba mpaka mwisho. Nikasema labda sifa zilikuwa na nguvu. Akasema, "Mum, ulifungua, hukufunga."

Kisha akamwambia Bwana Muturi kosa ni lake, aliacha kazi wazi. Hakunitaja.

Hapo nilishindwa. Nikampokonya simu, unga hadi kwenye viwiko. Nikamwambia, "Baba, ni mimi. Huyu msichana hajui kujisifu, hiyo ndiyo kasoro yake pekee." Bwana Muturi akauliza kama mimi ndiye wa chapati. Nikakubali. Akasema Awiti arekebishe somo lote, uamuzi ni Jumatatu.

Tumeshinda kwenye kochi, yeye anafunga, mimi najibu maswali mikono nyuma. Robo tatu imerudi ndani ya kioo. Aliniapisha kwamba sitagusa tena kitu chochote wanachokiona watoto. Nikaapa. Akacheka hadi machozi, akanikumbatia, akasema hakuna mtu mwingine angemwandika kwa herufi kubwa namna hiyo.

Jumatatu, 16 Juni

Ameajiriwa!

Bwana Muturi amesema somo ni safi. Kumbe Jumamosi Awiti alikaa na Perez mpaka akapata maswali yote. Mama Kweyu amekuja mwenyewe kusema msichana anajua kufundisha. Nikamwomba arudie, nilikuwa sijasikia vizuri, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya majirani.

Kwa furaha Awiti amenifundisha tagi nyingine. Mdomo, alama ya mshangao, vistari viwili. Ukiandika humo, mwanafunzi haoni kitu. Ni maneno ya watunga maswali kuachiana. Bwana Muturi huyasoma yote.

Jumatano, 18 Juni

Bwana Muturi hana mke. Awiti aliniambia akidhani tunazungumza habari nyingine.

Na mwanamume haulizi habari za chapati bure.

Awiti ameenda dukani. Niliapa sitagusa wanachokiona watoto, na hiki watoto hawakioni, kwa hivyo niko sawa kabisa. Ndani ya tagi ya vistari nimeandika: Bwana Muturi, Jumapili baada ya kanisa, samaki wa kukaanga na chapati, njoo na njaa. Nimehifadhi.

Dukani leo kuna foleni. Nikapata nafasi ya kuongeza rangi ya gauni atakalovaa Awiti.