Roma ya Vichochoroni

Bahati ya Wanjohi iliingia hotelini wakati wa chai ya saa nne, ikavuta kiti kwenye meza ya pili, ikaagiza maandazi na kuanza kulalamika.

Ilikuwa imevaa sweta ya buluu, na jina lake lilikuwa Mama Kabura, mwenye duka la jumla kule Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, na mwenyekiti wa chama kimoja cha akina mama pamoja na wazee wachache waliokubali kuongozwa nao. Mmoja wa wazee hao, Mzee Githinji, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, alikuwa ameketi mbele yake akipuliza chai. Wanjohi hakuwa na haja ya kutega sikio. Mama Kabura akilalamika, hata mpishi jikoni anapata habari.

"Mzee, kwa ile harusi ya jana niliaibika. Kila nikifungua mdomo, Mama Betty wa kile chama cha Turbo anarukia, 'Tulipokuwa Roma.' Nikisema chapati ni tamu, 'Tulipokuwa Roma tulikula mkate.' Nikisema jua ni kali, 'Tulipokuwa Roma jua lilikuwa kali lakini halichomi.' Kwani jua lao walilinunua wapi?"

"Na sisi twende," akasema Mzee Githinji.

"Twende tuone nini? Tukirudi na picha zile zile, Turbo watasema tumewaiga. Mimi nataka kitu ambacho hawajaona."

Wanjohi akaweka kikombe chini. Kuna watu ambao wakisikia mtoto analia hukimbia kumbembeleza. Wanjohi alikuwa hivyo hivyo kwa mtu mzima mwenye wivu.

Tumjue kidogo kabla hajaharibu mambo. Alikuwa amewauzia vijana wa mazoezi dawa ya kuongeza mbio, ambayo ilikuwa uji wa wimbi uliotiwa rangi. Alikuwa amekodisha vibanda ambavyo si vyake. Thika alitoka kwa miguu akiangalia nyuma, Nakuru vivyo hivyo. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: ile Probox nyeupe iliyoegeshwa mbele ya ghala la Aden, mfanyabiashara wa nafaka, ikingoja mnunuzi. Kila asubuhi aliipitia na kuisalimia. Alikuwa ameapa kwamba Eldoret ataiaga kama mtu na heshima zake, ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa, kiwiko nje.

Akageuza kiti. "Mama, shikamoo. Samahani kwa kuingilia. Hao watu wa Turbo walipelekwa Roma ya mbele."

"Roma ya mbele ni gani?"

"Ile ya picha. Ni kama mgeni aje Eldoret, umtembeze barabara kubwa ya Uganda Road, halafu umwambie amemaliza mji. Wenyeji wana Roma yao ya nyuma, ya vichochoroni. Hiyo mgeni haonyeshwi."

"Na wewe umeonyeshwa na nani?"

Wanjohi akashusha macho kwa unyenyekevu, jambo alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo. "Nimeishi huko, Mama. Nilikuwa natembeza wageni wa masista."

Mahali pa karibu zaidi na Ulaya ambapo Wanjohi alikuwa amewahi kukanyaga ni Lodwar, kule kaskazini mwa Kenya, na huko pia alitoka mbio. Lakini ujanja wa biashara hii ni huo: ukidanganya juu ya kitu kinachojulikana, utakamatwa kabla ya jioni. Danganya juu ya kitu kilichofichika. Nani atakupinga, na mwenyewe umeshasema hakuna anayekijua?

Jumapili, baada ya ibada, chama kilimpokea sebuleni kwa Mama Kabura. Hapo ndipo Wanjohi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alipofanya kosa la kujiandaa. Alikuwa amekesha kwenye simu akisoma.

"Juu ya kilima kimoja kuna mlango," akaanza. "Umefungwa. Watu wanapanga foleni wachungulie kwa tundu la ufunguo."

"Wachungulie nini?" akauliza Brigid, fundi wa nguo.

"Unaona bustani, halafu mbali kabisa, kuba la lile kanisa kubwa. Limekaa katikati ya tundu kama limepimwa."

"Ngoja kidogo," akasema Mama Kabura. "Hilo kanisa si Mama Betty aliliona lote? Mimi nitoke hapa na ndege nikalione kwa tundu?"

Watu wakacheka. Wanjohi akaruka haraka. "Kuna pia kilima kizima cha vigae. Mitungi ya mafuta ya zamani, ilivunjwa ikatupwa hapo mpaka ikawa mlima."

"Hiyo ni takataka," akasema Mzee Githinji.

"Na kuna magofu katikati ya mji ambamo wanaishi paka..."

"Paka!" Brigid akapiga makofi. "Ai, huyu kijana anataka kutupeleka kwa paka!"

Haya yote, msomaji wangu, ni kweli tupu. Yako Roma mpaka leo, na watu wanatoka mbali kuyaona. Lakini siku hiyo ukweli haukuwa na soko Yamumbi hata kidogo. Wanjohi aliiona Probox ikirudi nyuma polepole, ikiondoka machoni pake. Akarudisha simu mfukoni na kurudi kwenye kazi aliyoizoea.

"Hayo ni ya kuanzia tu," akasema, sauti ikashuka. "Sasa nawaambia ya ndani. Kuna kisima cha masista, chini ya ardhi. Ukinawa uso mara moja, makunyanzi yanaisha. Niliona kwa macho yangu mama wa miaka sabini akizuiwa mlangoni. Mlinzi alishika kitambulisho, akamwangalia, akamwambia, 'Wewe msichana, umeiba hiki kwa nani?'"

Kicheko kikakatika. Brigid akajigusa shavu.

"Na kuna zizi la watawa. Ng'ombe wanaimbiwa kwaya asubuhi na jioni. Maziwa yao hayachachi."

Mzee Githinji akaweka fimbo chini. "Hayachachi kabisa?"

"Wiki nzima, Mzee. Bila friji."

"Ni ng'ombe aina gani?"

Wanjohi hakujua hata aina za ng'ombe wa hapo jirani Kapseret. "Wa kanisa," akajibu. Mzee Githinji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshuku jambo hilo siku nyingi.

Ikabaki malipo. Chama hakikuwa na pesa taslimu. Mali yake yote ilikuwa mahindi, yamelala kwenye stoo ya Mama Kabura yakingoja bei ipande. Kila mtu hapa anafanya hivyo, anavuna halafu anavumilia. Wanjohi akasema masista hawawezi kungoja bei ya mahindi ya huku Uasin Gishu, nafasi za kisima zinaisha, na yeye hana neno, hata mahindi yatafaa. Mzee Githinji akayaombea magunia safari njema, na Jumatatu yakapakiwa.

Aden aliyapokea mlangoni pa ghala lake. Akafungua moja, akatafuna punje mbili. Halafu akasimama muda mrefu akipitisha kidole kwenye mdomo wa gunia jingine, pale liliposhonwa.

"Mahindi safi. Ni ya wapi?"

"Ya shamba letu."

"Una shamba, Wanjohi?"

"La mama."

"Walahi mama ana mkono mzuri wa kushona," akasema Aden, akaingia ofisini, akakawia kidogo, akarudi na funguo. "Chukua gari. Karatasi tutamaliza wiki ijayo."

Wanjohi alikuwa ameshaukumbatia usukani. Hakusikia habari ya karatasi. Alizunguka mji mara mbili bila kwenda popote, kiwiko nje, akiwapungia mkono watu asiowajua. Nakwambia alikuwa na furaha mpaka machozi yakamlenga. Mtu akiwa mwizi si kwamba hana moyo.

Mpango ulikuwa rahisi. Angemwambia Mama Kabura kwamba anatangulia Roma kuwashikia nafasi, kisha Alhamisi asubuhi ashike njia ya Webuye na asionekane tena. Akaenda dukani kuaga.

"Ndege yako ni saa ngapi?" akauliza Mama Kabura.

"Ya Roma ni usiku, Mama, kutoka Nairobi."

"Basi utapanda ile ya hapa ya mchana. Sawa. Tutakusindikiza."

"Msisumbuke, Mama. Mimi ni mtu wa kusafiri tu, nimezoea."

Mama Kabura akamwangalia kama aliyetukanwa. "Mtu anaenda Ulaya bila kusindikizwa? Kwani amefukuzwa?" Kisha akatabasamu. "Na nasikia Mungu amekubariki na gari. Utatangulia, sisi tutakufuata."

Ungekataaje? Huku kwetu anayekwenda ng'ambo si wake peke yake, ni wa watu wote. Wanjohi akapiga hesabu upya. Ataingia ndani ya uwanja wa ndege, watu wataimba, watachoka, watarudi nyumbani. Yeye atatoka, awashe Probox, ashike njia. Saa mbili za kuchelewa zisingemuua.

Alhamisi walikuja uwanjani na magari ya kukodi, kwaya yote ya kanisa, sufuria za pilau na mpiga picha. Wakala kando ya maegesho. Mzee Githinji akaomba mpaka pilau ikapoa. Kila aliyekuwa na mtoto, binamu au jirani upande wowote wa Ulaya alileta mzigo: unga, majani ya chai, mboga zilizokaushwa, kitenge cha shangazi. Wanjohi akajikuta na mabegi mawili mazito asiyojua yanakwenda kwa nani. Wakapiga picha pamoja naye wawili wawili, kisha wote, kisha wote tena kwa sababu Brigid alikuwa amefumba macho.

Akapiga moyo konde. "Haya, wapendwa. Tutaonana."

Mama Kabura akanyoosha mkono. Wanjohi akaushika, akautikisa. Mkono haukuondoka.

"Funguo," akasema Mama Kabura.

"Funguo gani?"

"Za gari, mwanangu. Utaliacha hapa uwanjani likinyeshewa mpaka urudi? Kila mtu akisafiri, gari linarudishwa nyumbani na watu wake. Ama hauna watu?"

Watu wote walikuwa wakimtazama kwa mapenzi makubwa. Msafiri wa Roma anataka funguo za nini? Wanjohi akazitoa. Vidole vilikataa kidogo, lakini vikaachia.

Bado alikuwa na tumaini la kutoka baadaye. Akaingia ndani, akajificha nyuma ya nguzo, akachungulia. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wamejipanga kwenye ua, kwaya imeanza wimbo mwingine, na mlinzi wa mlangoni, ambaye alisali nao, akamwambia kwa furaha, "Usijali, hawatoki hapo mpaka waione ndege ikipaa. Wameniambia nikuangalie usipotee."

Wanjohi akanunua tiketi ya Nairobi kwa pesa zote alizokuwa nazo, mpaka sarafu. Alipokuwa akipanda ngazi za ndege alisikia nderemo. Akapunga mkono, angefanya nini? Ndege ilipopaa, kutoka dirishani aliiona Probox yake nyeupe ikitoka maegeshoni, Mama Kabura kwenye usukani, kioo kimeshushwa.

Nairobi akaketi juu ya mabegi ya unga, akampigia Aden.

"Aden, ndugu yangu, nisaidie na ufunguo wa pili wa lile gari. Nitaomba lifti usiku, nilichukue polepole."

"Wa pili wa nini? Gari liko hapa kwangu," akasema Aden. "Mama Kabura amelirudisha sasa hivi, na lori linapakia mahindi yake."

"Yake? Nani amemwambia?"

"Mimi. Wewe umeniletea magunia ya mama ambaye nimenunua kwake toka nianze biashara! Kila mama anashona mdomo wa gunia kwa mkono wake. Mama Kabura anavusha uzi mara mbili kwenye pembe, akimaliza anapiga fundo ndani. Nilimpigia simu nilipoingia ofisini kuchukua funguo."

"Na kwa nini ulinipa gari?"

"Alisema nikupe. Muulize mwenyewe, yuko hapa."

Simu ikabadilisha mikono. "Wanjohi, umefika salama?"

"Mama... Kwa nini hukuita polisi?"

"Niwaambie nini? Mahindi tulikupa wenyewe, Mzee akayaombea. Ungelala ndani siku moja, utoke, uanze na mwingine. Na mimi ningewaambiaje watu wangu, kwamba mwenyekiti wao aliokota Roma kwenye maandazi? Turbo wangenicheka mpaka kaburini. Wengine hawajui kitu. Nitasema masista wamejaza nafasi, mahindi yamerudishwa. Lakini Yamumbi yote, na nusu ya mji, wamekuona kwa macho ukienda Ulaya. Ukionekana hapa kesho, mimi sitafungua mdomo. Watajionea."

"Sasa nirudi lini, Mama?"

"Watu wakienda Ulaya hukaa," akasema Mama Kabura kwa upole, akakata.

Wanjohi alikaa akiishikilia simu. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, kisha akaona aibu imemshika kweli kweli, ya kumchoma masikio, jambo ambalo Thika na Nakuru hawakuwahi kumfanyia. Huko walimtoa kwa mawe. Hawa walimpikia pilau.

Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Brigid. "Kaka Wanjohi tumefika nyumbani salama, watoto wanakutaja tu. Tunaomba Mungu akufungulie milango huko, usirudi mpaka ufanikiwe."

Akausoma mara mbili. Akaandika "Amina," akajitwika begi moja kichwani, jingine mkononi, akaanza kutembea.